Usinishukuru Mbele ya Watu

Mwende mwanangu,

Umeenda mtaa wa Iftin kuwaaga rafiki zako na nyumba imetulia. Acha niandike sasa, kabla hujarudi na kelele zako za mizigo. Sitakueleza habari za maji ya kuchemsha, wala jua, wala chandarua. Wewe ndiye muuguzi, hayo utanifunza mimi. Nataka kujibu jambo ulilosema juzi mezani, ambalo nililinyamazia ukadhani nimekasirika.

Ulisema ukifika kituoni kwako, huko upande wa Wajir, kitu cha kwanza utamtafuta imamu wa pale. Ni yeye na wazee wake walioomba muuguzi na kuitengeneza nyumba utakayokaa. Utamnunulia kanzu nzuri, utaita watu, mtapiga picha na utazisambaza kwenye simu ili walimwengu waone kwamba huku siko kama wanavyosema. Baba yako akakusifu. Mimi nikainuka nikaenda kuosha vyombo. Ukanifuata jikoni ukasema, kwa upole wako ule unaochoma, "Mama, sijawahi kukusikia ukimshukuru mtu wa huku. Hata Sheikh Nur."

Ni kweli. Hukunisikia. Sasa umekuwa mtu mzima na unaenda kuishi peke yako kati ya watu usiowajua, basi lazima ujue kwa nini.

Ulikuwa na miaka minane nilipopelekwa Kutulo kufundisha. Baba yako alibaki Mwingi na ng'ombe wa nyanya yako, nikaenda na wewe kwa sababu sikutaka ulelewe na mtu mwingine. Ilikuwa ile miaka ambayo walimu wa bara walikuwa wakikimbia huku. Mabasi yalikuwa yakisimamishwa njiani, watu wanashushwa, wanaulizwa dini yao, na asiye Mwislamu hapandi tena. Kila jioni tulizungumza habari hizo hizo, na kila asubuhi niliingia darasani nikiwa nimelala jicho moja wazi. Siku hizo nilimshuku kila mtu. Nilimshuku mwenye duka aliyenipunguzia bei ya sukari, kwa nini anipunguzie? Nilimshuku na yule asiyenipunguzia.

Lakini niliyemshuku kuliko wote ni Sheikh Nur.

Wewe unamkumbuka kama mzee aliyekufundisha kuhesabu kwa Kisomali. Mimi namkumbuka akiwa ameketi nje ya msikiti, ng'ambo ya ua wa shule, ndevu zake za hina zikielekea mlango wetu. Kiswahili chake alikitumia kwetu tu, sisi watu wa kuja, na alikijua kidogo, kwa hiyo kila alichosema kilitoka kama swali la askari. Hakuwa na "habari za familia" wala "mmeamkaje". Alikuwa akikutana nami kisimani na kuniuliza, "Mwalimu, wewe nasafiri siku gani?" Au, "Nasafiri na nani? Nabanda basi gani?" P yake ilikuwa b, kama ilivyo kwa wengi wa huku, na sijui kwa nini hata hiyo b iliniogofya.

Siku moja nilitoka shuleni nikamkuta nyuma ya nyumba yetu, amesimama kwenye dirisha la chumba tulicholala mimi na wewe. Alikuwa anasukuma kioo kwa kiganja, polepole, kuona kama linafunguka. Aliponiona hakushtuka. Alisema dirisha hilo limekaza, litengenezwe, akaenda zake. Nilimweleza Mwalimu Kiptoo, tuliyekuwa naye shule moja. Kiptoo aliweka kikombe chini akasema, "Huyu anatupima." Tangu hapo tukawa tukimwita Fundi, kwa siri, kwa kuwa fundi hupima kabla hajakata.

Kisha nikamwona na mgeni. Ilikuwa saa tisa alasiri, watu wamejificha jua. Nilikuwa kwenye mlango wangu wa jikoni, na kutoka pale, pale tu, mtu aliweza kuona nyuma ya birika la maji ya mvua. Sheikh alikuwa amechuchumaa na kijana mwembamba ambaye hakuwa wa Kutulo. Kijana alikuwa anachora ardhini kwa fimbo na sheikh anatikisa kichwa. Walipomaliza, sheikh alifuta ule mchoro kwa ndara yake.

Mwende, hapo ndipo nilipokosea, na nataka nilieleze kosa langu bila kulivisha nguo.

Kulikuwa na ofisi moja ya usalama, sitaitaja, iliyotuachia namba ya kupiga tukiona jambo. Nilipiga. Nilieleza maswali yake, nikaeleza dirisha, nikaeleza kijana na mchoro. Mtu wa upande wa pili alisikiliza kama anayepiga miayo. Aliniuliza, "Hakuna kingine?" Nikaona haniamini. Nikaona atakata simu na sisi tutauawa kwa sababu sikujua kusema vizuri. Basi nikaongeza mfuko. Nilisema kijana alimpa sheikh mfuko, na mfuko wenyewe ulikuwa mzito, aliubeba kwa mikono miwili.

Mfuko haukuwapo. Niliuumba mimi mwenyewe kwa mdomo wangu. Miayo ya yule mtu ikaisha, akaniuliza jina la sheikh, nami nikampa.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Likizo ilikuwa inakaribia na sheikh alikuwa ameniuliza tena siku ya kusafiri. Nilimwambia Jumamosi, ingawa mimi na Kiptoo tulikuwa tumekwisha kukata tikiti za Alhamisi. Jumatano asubuhi, baada ya swala ya alfajiri, gari likaja msikitini. Niliangalia kwenye mwanya wa pazia. Walimtoa akiwa hana viatu. Watu walipiga kelele, wanawake wakafuata gari, na yeye aliwaashiria kwa mkono warudi. Nitakuambia nilichohisi, maana nimeahidi kutoficha. Nilihisi raha. Nilikuamsha nikakupikia mayai.

Alhamisi nikiwa nafunga mkoba, mlango ulibishwa. Alikuwa Habiba, mke wa Sheikh Nur, yule aliyekuwa akituuzia maziwa ya ngamia. Macho yake yalikuwa yamevimba. Aliingia bila kukaribishwa, akaona mkoba, akaketi juu ya kitanda.

"Abaayo, usibande basi leo," aliniambia. Abaayo ni dada, unajua. "Mzee alifikiri ni Jumamosi. Watu wetu wa kukaa na nyinyi ni wa Jumamosi. Leo hakuna mtu."

Sikumwelewa. Ilibidi aeleze taratibu, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, na kila alipoeleza mimi nilizidi kunywea. Kila mwalimu wa bara aliposafiri, sheikh alikuwa akitafuta wanawake wawili watatu wa Kutulo wenye safari, au wasio na safari, wapande basi hilo hilo na kuketi karibu na wageni. Walibeba shungi za ziada. Basi likisimamishwa, mgeni ni dada yao, ni wifi yao, ni mgonjwa wao wanampeleka hospitali. Ndiyo maana alitaka kujua siku. Dirisha la nyuma lilitazama uani kwake, na alitaka lifunguke ili wakija kwa mlango wa mbele mimi na wewe tutokee huko. Kijana wa birika alikuwa mchungaji wa ngamia, mtoto wa shangazi yake, aliyekuja kumchorea mahali alipoona watu wageni wamepiga kambi porini.

Niliuliza kwa nini hakuwahi kutueleza. Habiba akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto. Angetueleza, sisi tungemweleza nani? Neno kama hilo likitoka, wale wa porini hawamwachi.

Kisha akaniuliza. "Walimwambia aliuliza uliza juu ya walimu. Abaayo, nani alipeleka maneno?"

Nikasema, "Sijui."

Nilisema huku nimemshika mkono.

Akainuka, akasema kama lazima tusafiri basi atakuja yeye. Alienda akarudi na jilbabu mbili, yangu na yako ndogo ya binti yake. Kiptoo akaahirisha, akasema mwanamume hafichiki. Sisi tulipanda. Habiba aliketi upande wa njia, mimi dirishani, wewe katikati yetu ukilala, na usingizi wako, uliniambia baadaye, ulikuwa wa kujifanya. Na hata pale, mwanangu, baada ya yote aliyonieleza, niliendelea kumshuku. Nilijiambia huyu amegundua ni mimi. Nilijiambia ananipeleka kunikabidhi. Kila alipotoa simu yake kutazama saa, nilinyoosha shingo nione anamwandikia nani.

Baada ya kipande kirefu cha njia basi lilipunguza mwendo. Watu watatu walikuwa kando ya barabara, mmoja amefunga kitambaa usoni. Walizungumza na dereva, kisha mmoja akapanda na kutembea hadi katikati, akatuangalia. Aliuliza kitu kwa Kisomali. Habiba alijibu kwa kirefu, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na safari, akakugusa wewe paji la uso kana kwamba una homa, akanisukuma mimi bega kama wifi mvivu. Yule mtu alisimama kidogo. Akateremka. Basi likaondoka.

Sijui walikuwa nani. Pengine walikuwa wachungaji waliotaka kuomba maji. Nimejiuliza mara nyingi nikashindwa kujua. Ninachojua ni kwamba Habiba, mumewe akiwa kifungoni kwa ajili ya mdomo wangu, aliweka mwili wake kati yangu na mtu yule.

Sikurudi Kutulo. Niliomba kuhamishiwa Garissa, tukapanga hapa mtaa wa Waberi, baba yako akaja. Sheikh Nur alikaa kifungoni zaidi ya mwezi, kisha akaachiliwa bila kuambiwa kosa wala kuombwa radhi. Habari zilinifikia kupitia kwa Kiptoo. Goti lake la kushoto lilikuwa halikunjiki tena. Imamu asiyeweza kusujudu, Mwende. Walimwekea kiti msikitini.

Miaka miwili nilibeba hilo. Halafu shule kadhaa za hapa mjini ziliandaa siku ya kuwashukuru viongozi wa dini, masheikh na wachungaji, kwa kuwa pamoja na walimu wakati mgumu. Mwalimu mkuu alinijia akifurahi. Wamemwalika sheikh wa Kutulo, nami nimechaguliwa kumshukuru jukwaani, nieleze habari ya wanawake wa basi. Alikuwa ameisikia kwangu, ndiyo. Nilikuwa nimeisimulia mara nyingi, na kila mara niliishia kabla ya simu yangu. Nikaandika hotuba. Ilikuwa nzuri, mwanangu. Nilikuwa na hakika nikiisoma nitapona.

Ulikuwepo siku hiyo, na gauni la njano. Ulikuwa umeniambia utapiga makofi kuliko wote.

Kabla watu hawajaingia ukumbini nilimkuta kwenye kivuli cha ukuta, ameketi kwenye kiti cha plastiki, mguu ameunyoosha. Alinitambua. Nilianza kumwamkia na yeye akanikatiza, kama kawaida yake.

"Mwalimu, nasikia wewe nasoma jina langu leo."

Nikamwambia ndiyo, nataka watu wajue.

"Watu gani?" akauliza. Alizungumza bila kuinua sauti. Alisema ukumbini kuna simu mia, na picha ya leo jioni itakuwa imefika porini. "Ukinishukuru mbele ya watu, unanionyesha kidole. Mara ya kwanza ulinionyesha kwa serikali. Sasa unataka kunionyesha kwa hao wengine."

Nikauliza alijuaje.

"Walinisomea maneno," alisema. "Birika, fimbo, ndara. Hayo naonekana kwa jikoni yako beke yake. Nikajua ni wewe." Akatazama goti lake. "Lakini mfuko sikuelewa. Siku zote wananiuliza mfuko uko wapi, na mimi nawaambia hakuna mfuko. Ningekuwa na mfuko ningewapa."

Nililia hapo hapo, mtu mzima na hotuba yangu mkononi. Yeye alingoja nimalize. Nikamuuliza kama Habiba anajua. Akasema hajamwambia Habiba wala mtu yeyote. Kwa nini? Akanijibu kama mtu anayejibu jambo jepesi: mwalimu mwingine atakuja Kutulo, na wanawake wakijua alichofanya wa kwanza, nani atampandia basi wa pili?

Nikamuuliza nifanye nini basi. Nilikuwa nataka adhabu, nadhani, au anisamehe haraka nikapumue. Hakunipa hiyo wala hiyo. Alisema, "Walimu naenda wote. Wewe baki."

Nilipanda jukwaani. Nilisoma aya moja ya kuwashukuru viongozi wote wa dini kwa jumla, bila jina, bila Kutulo, bila basi, nikateremka. Mwalimu mkuu hakunisemesha wiki nzima. Wewe hukupiga makofi. Ulikuwa na miaka kumi, na tukiwa njiani ukaniuliza kwa nini nimemsahau mzee wetu naye alikuwa ameketi pale pale mbele. Nilikwambia unyamaze, kichwa kinaniuma. Najua siku hiyo uliamua mama yako hana shukrani, na sikuwa na la kujitetea, maana kama ningekwambia sababu ungeibeba shuleni kwa marafiki.

Ulikuwa ukiuliza pia kwa nini hatukurudi Mwingi. Barua yangu ya uhamisho ilitoka mwaka ule ule. Baba yako alikuwa amekwisha kumwahidi nyanya yako. Niliirudisha. Tuligombana vibaya, mimi na baba yako, na sikumweleza ukweli wote hadi mwaka jana. Nimefundisha hapa madarasa mengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na sidhani kama hilo limelipa goti la mtu. Lakini ndicho kitu pekee alichoniomba.

Usidhani nimepona shuku. Juzi mwanamke wa dukani aliniuliza mwanangu anasafiri lini, nikamdanganya siku kabla sijafikiri. Kwenye ubao huwa ninawaonyesha wanafunzi jinsi *shuku* na *shukuru* zinavyotengana kwa silabi moja, na wao hucheka. Kwa hiyo sikwambii usimshuku mtu. Huko unakoenda utashuku, na mara nyingine utakuwa sawa, kwa sababu wabaya wapo na hawana alama usoni. Imamu yule atakuuliza maswali ambayo hutayapenda. Ninachokuomba ni hiki tu: ukilazimika kusema ulichokiona, sema ulichokiona, ukifika mwisho wa macho yako unyamaze. Usimwongezee mtu mfuko.

Na ile kanzu, na picha. Muulize kwanza. Muulize mkiwa wawili, au kupitia kwa mkewe, anataka shukrani ya namna gani. Huenda akapenda picha, kuna wanaopenda, na wengine wanazitaka kupita kiasi, hao nao uwaangalie vizuri. Huenda akakuomba ufungue kituo mapema siku ya soko. Shukrani unayompangia mtu bila kumuuliza mara nyingi ni yako mwenyewe, unajipaka mafuta kwa mkono wake.

Kuna jambo moja bado, na ndilo lililonifanya nishindwe kulala wiki hii.

Sheikh Nur alifariki mwezi wa Shaaban. Kiptoo alinipigia simu. Nilimtumia Habiba rambirambi kama watu wengine, akanijibu kwa ujumbe mrefu wa dua, ndani yake akasema mzee alikuwa akinitaja, kwamba yule mwalimu alibaki. Aliandika, "Wewe ni dada yangu wa kweli." Niliusoma nikaweka simu kifudifudi.

Wakati mzee yuko hai siri ilikuwa yake, na ilikuwa na kazi. Alinikataza kwa ajili ya walimu watakaokuja, nami nilimtii, na nakiri kwamba kutii kulinifaa. Sasa Kutulo wana walimu wao, wasichana wa pale pale, wengine niliwafundisha mimi. Hakuna basi linalongoja kimya changu. Kilichobaki ni mwanamke aliyeniuliza swali akiwa amevimba macho, nami nikamdanganya nimemshika mkono.

Baba yako anajua. Ulipoona tikiti mbili mezani leo asubuhi ukadhani nakusindikiza kwa wasiwasi wangu wa kawaida. Nitakusindikiza hadi Wajir mjini, nikukabidhi kwa watu wa kituo chako. Kisha wewe utateremka na mimi nitaendelea na barabara hadi Kutulo.

Nimemwambia Habiba nakuja, sikumwambia kwa nini. Amejibu kwamba atapika. Nitamweleza kabla sijala, maana sitaki kula chakula chake kwanza halafu niseme. Inawezekana atanifukuza. Inawezekana wanawe watajua, na neno litatembea, na mtu aniambie nisikanyage tena pale. Nimelifikiria na bado nakwenda.

Usinipigie simu kesho kutwa kuniuliza imekuwaje. Ikiwa nitarudi nikiwa naweza kuzungumza, nitakupigia mimi.

Mamako,
anayekusikia ukifungua lango sasa hivi.